Kuyapanga ya Mama Yungali Hai

Kazi yangu ni ya masjala. Kwa muda mrefu nimekaa katika chumba cha chini cha ofisi moja ya serikali hapa mjini, nikipokea majalada ya watu, nikiyapa namba, nikiyarudisha kwenye rafu na kuyatafuta tena yanapotakiwa. Nimeshaona wajane wakilia mbele ya dirisha langu kwa kukosa karatasi moja tu. Nimeshawaambia watu, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Nendeni mkakitafute cheti, kisha mrudi." Wanakwenda, na wengine hawarudi. Mtu angedhani kwetu sisi, kwa kazi hiyo, mambo yalikuwa yamepangika. Hayakuwa. Jioni nikishapanda ngazi ndefu za nyumba ya wakfu tunayokaa Mji Mkongwe, karatasi ndiyo kitu cha mwisho ninachotaka kukiona.

Mama yangu anakaa Jambiani. Amelima mwani tangu mwani ulipoanza kulimwa pwani ile, na kabla ya hapo alikuwa akipiga makumbi na kusokota kamba. Baba alikufa zamani. Tumebaki watoto wawili: mimi mkubwa, na mdogo wangu wa kiume, fundi wa kuezeka makuti kwenye mahoteli ya pwani, ambaye amejenga chumba na ukumbi uwani kwa mama na kukaa hapo na mkewe wa pili.

Asubuhi moja jirani alimkuta mama jikoni, amelala ubavu, uji unaungua. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono na mguu wa kulia haviitiki. Walimleta hospitali mjini, nikawakuta huko na sare yangu ya kazini. Daktari alisema ni kiharusi. Akaandika dawa, na dawa moja haikuwepo pale, tukaambiwa tukainunue nje. Mimi na mdogo wangu tulitoa tulichokuwa nacho, hakikutosha. Ndipo mdogo wangu alipokumbuka kwamba wiki ile mnunuzi wa mwani alikuwa amemtumia mama malipo yake kwenye simu.

Simu alikuwa nayo mwenyewe, kaifunga kwenye pindo la kanga. Mdogo wangu aliifungua, akainama sikioni.

"Mama. Namba yako ya siri. Nitajie namba ya siri tukanunue dawa."

Mama alitutazama. Kusema hakuweza. Kisha akainua mkono wa kushoto, akasimamisha kidole cha shahada.

Mdogo wangu aliangua kilio. "Anatoa shahada! Dada, mama anatoa shahada!" Akamshika kichwa, akaanza kumlakinia kama anayekata roho, "La ilaha illallah," na machozi yanamchuruzika. Mama akatikisa kichwa, akakisimamisha tena kidole kile kile kwa nguvu zaidi. Mdogo wangu akazidi kusoma, na wanawake waliokuwa wakiuguza vitanda vya pili wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta.

Dawa ilipatikana. Mwenzangu wa ofisini alinitumia fedha nikiwa bado nimesimama palepale ukutani. Mama hakufa. Alikaa wodini, kisha akakaa kwangu kipindi kirefu, tukimpandisha ngazi kwenye kiti, watu wawili wakinyanyua. Maneno yalimrudia kidogo kidogo, kwanza majina ya vyakula, kisha ya watu. Sentensi yake ya kwanza iliyonyooka alimwambia mdogo wangu, siku alipokuja kumtazama na mfuko wa machungwa.

"We mjinga. Nilikuwa nakutajia moja. Namba inaanza na moja."

Tulicheka sana siku ile. Mdogo wangu alicheka mpaka akatoka nje barazani. Lakini nilipokwenda jikoni kumpashia mama uji nilihisi uchovu ambao sikuwa nimeuhisi hata hospitali. Nilijiuliza angekufa siku ile, tungekuwa na nini mkononi? Minazi yake ipo, lakini karatasi zake sikuwa najua zilipo. Hisa zake kwenye ushirika wa akinamama nilikuwa nazisikia tu. Na simu ile tungebaki tunaitazama.

Alipoanza kutembea na bakora tulimrudisha Jambiani, kwani alisema mjini hewa haingii. Nikaanza kwenda kila mwisho wa wiki. Jumamosi ya kwanza nilimsubiri amalize kunywa chai, nikasema, "Mama, nnataka tukae tuyapange mambo yako. Karatasi zako, fedha zako, nani unamdai, nani anakudai."

Aliweka kikombe chini. "Unanichuria?"

"Sikuchurii, mama."

"Maana nishatoka huko, wewe wataka kunirudisha. Yapange yako kwanza."

Siku ile hatukusema tena. Nilimfulia, nikamkanda mkono ule uliolala, nikarudi mjini. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu nilikuwa nimechoka hata sikuwa na hamu ya kubembeleza. Nilikaa mkekani nikamwambia, "Mama, mimi kila siku naona watu dirishani kwangu wanavyohangaika. Ukiondoka bila kuniambia, nitakuwa mimi nimesimama pale, na mwenzangu ataniambia nenda ukatafute cheti. Mimi sina nguvu hiyo. Wallahi sina."

Alinitazama sana. Nadhani alikuwa akizitazama mvi zangu, maana sikuwa nimejifunga ushungi.

"Niletee ule mto," alisema.

Mto aliokuwa akiusema ni wa sufi, mgumu, anaoulalia yeye na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuegemea. Alinipa wembe nikafumua ushoni. Ndani ya sufi alikuwa ameshindilia mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba, na ndani ya mfuko karatasi: cheti cha kifo cha baba, karatasi ya minazi aliyorithi kwa babu, kadi ya ushirika, risiti za miaka chungu nzima za kitu gani sijui. Nyingine zilikuwa zimegandana kwa jasho la shingo yake. Sufi ilinipanda puani, nikapiga chafya mpaka macho yakavimba, naye akawa anacheka kwa upande wa mdomo uliopona.

"Umelalia karatasi zote hizi, mama?"

"Mwizi atanyanyua kichwa changu?"

Tukaanza. Nilinunua jalada gumu na bahasha. Kila Jumamosi nilikuwa nauliza, yeye akijibu, nami nikiandika kwa herufi kubwa ili hata mdogo wangu, ambaye hapendi kusoma, asipate kisingizio. Mara nyingine tulifika mbali. Mara nyingine mama alisinzia katikati ya jibu, nami nikasinzia naye, kalamu mkononi.

Tulipofika kwenye simu alinitajia namba ya siri yote, kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango. Nikataka kuhakikisha kwamba laini inafanya kazi. Mama hakutaka kamwe tumtumie fedha kwenye simu, alikuwa akisema, "Mtoto anipe mkononi, niione." Kwa hiyo sikuwahi kumtumia chochote. Nilimtumia kiasi kidogo kutoka kwenye simu yangu, na kabla ya kuthibitisha likanijia jina la mwenye laini.

Halikuwa jina la mama. Lilikuwa la wifi yangu, mke wa kwanza wa mdogo wangu, aliyemwacha.

Wifi huyo alikaa na mama miaka mingi. Walikuwa wakishuka pwani pamoja maji yakipwa, wakifunga mwani kamba moja, mmoja ncha hii na mwingine ncha ile. Hawakujaaliwa watoto. Mdogo wangu alipooa mke wa pili palitokea maneno mabaya uwani pale, maneno ambayo majirani waliyasikia yote, na mwisho wake ikawa talaka. Wifi alikwenda kuishi kwa shangazi yake Mwanakwerekwe. Tangu hapo jina lake halikutajwa mbele ya mdogo wangu.

"Mama," nilisema, "laini hii ya nani?"

"Yangu."

"Jina linalokuja si lako."

"Ee. Wakati ule wa kusajili laini, vidole vyangu vilikataa. Yule mtu alinibana kidole mpaka kikauma, mashine inasema hapana. Vidole vyote. Mwani umekula alama. Basi mkazamwana akatoa kitambulisho chake, akaweka kidole chake."

"Mbona hukubadilisha alipoachwa?"

"Kaachwa na mumewe," mama alisema. "Mimi sijamwacha."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza watu dirishani. Kwamba laini ni ya mtu aliyeandikishwa, na fedha zilizomo ni zake. Kwamba yeye akiondoka, sisi hatutakuwa na la kudai, na wifi akiondoka, ndugu zake wifi ndio watakaozirithi. Kwamba hata siku ile hospitali, kama namba ingekosewa mara kadhaa laini ingefungwa, na wa kuifungua ni wifi peke yake. Mama alisikiliza, kisha akasema, "Basi mwendee. Mwambie nimekutuma."

Nilimwendea katikati ya wiki, baada ya kazi. Ana kibanda cha dagaa wakavu katika soko la Mwanakwerekwe, upande wa ndani penye kivuli. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi njiani. Nilidhani atakataa. Nilidhani ataniuliza nilikuwa wapi yale maneno yalipokuwa yakisemwa. Alikuwa akipepeta dagaa kwenye ungo, akaniona, akaweka ungo chini.

"Wifi! Mama kafanyaje?"

"Mama hajambo. Kanituma."

Alishusha pumzi, akanifutia kigoda. Alikuwa amekonda na uso umekomaa, lakini sauti ilikuwa ile ile. Nilimweleza habari ya laini. Alinisikiliza huku akimhudumia mteja, akafunga dagaa kwenye gazeti, akarudisha chenji.

"Najua," alisema. "Meseji zake zote za kampuni zinakuja kwa jina langu. Kila Ijumaa akinipigia namwambia, mama, tukabadilishe hii kitu, mtu hajui ya kesho. Ananambia, tutakwenda, mwanangu, maji ya bamvua yakipita."

"Anakupigia kila Ijumaa?"

"Hukujua?"

Sikujua. Nilitazama dagaa. Akasema, bila kunitazama, "Mimi fedha yake sijaigusa, wifi. Ningeitaka ningeichukua zamani."

"Sikuja kwa kukushuku."

"Hata ungeshuku ningeelewa." Akainua ungo wake. "Siku gani mnataka? Isiwe Jumapili, soko linakuwa zito."

Tulikutana kwenye ofisi ya kampuni ya simu hapa mjini. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, na bosi wangu alinipa huku akiuliza mama huyu anaumwa mpaka lini. Mdogo wangu hakujua. Nilimwambia mama anakuja kwa daktari, na kweli tulipitia kwa daktari kwanza. Wifi alitukuta barazani. Mama alipomwona aliiachia bakora nikaidaka mimi, wakashikana, na mama akamnusa shingo kama anavyonuswa mtoto mchanga. "Unanuka dagaa," alimwambia. "Na wewe unanuka dawa ya kukandia," wifi alimjibu. Wakaingia wameshikana mikono, nami nyuma na bakora na jalada.

Msichana wa ofisini alikuwa na adabu. Aliamkia, "Shikamoo bibi," mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Wifi alieleza mwenyewe: laini ni yake kwa jina, mwenyewe ni huyu, anataka kuikabidhi. Akaweka kidole, mashine ikamkubali papo hapo. Kisha ikawa zamu ya mama.

Kidole cha shahada cha kushoto, hapana. Gumba, hapana. Msichana alimfuta kwa kitambaa, akajaribu tena. Cha kati, hapana. Watu walikuwa wamejaa nyuma yetu, na mzee mmoja alianza kuguna. Nilihisi machozi ya uchovu tu, si ya huzuni. Nilikuwa nafikiria nitakavyorudi kazini kuomba ruhusa nyingine, na kumpandisha mama gari nyingine, na kukaa kwenye foleni nyingine.

"Tujaribu mkono wa pili, bibi," msichana alisema.

"Huu hauna kazi," mama alisema. "Umekufa huu."

"Lete tu."

Wifi aliunyanyua mkono wa kulia wa mama, ule uliopooza, akauweka juu ya meza kama anaweka sahani. Akakunjua vidole kimoja kimoja. Akaweka cha shahada kwenye kioo. Mashine ikalia, taa ikawaka kijani.

Sote tulitazama. Msichana alijaribu cha pili, nacho kikakubali. Wifi aligeuza kiganja cha mama juu, tukainama kukitazama. Ngozi ilikuwa laini. Kwa miezi yote ile, wakati wa kushoto umebeba kazi zote na kurudia mwani, mkono ule haukushika kamba, haukukwangua mwani, haukugusa maji ya chumvi, na alama zilikuwa zimeota tena.

"Kumbe vilikuwa vimechoka tu," mama alisema.

Tulipotoka tulikula wali na samaki mahali karibu na hapo, wifi akimkazia mama macho kila anapotaka kumwaga mchuzi. Laini ikawa ya mama. Nilidhani kubwa limekwisha.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa naandika bahasha ya minazi, mama aliniambia, "Andika hapo, minazi mitatu ya nyuma ya jiko apewe mkazamwana."

"Yupi?"

"Usijifanye hujui."

Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na mtu aweza kuwa na minazi katika kiwanja cha mwingine na kuiangua mpaka ife. Mama alikuwa na minazi zaidi ya kumi, yote ya urithi wa babu. Nilimwambia mkazamwana si mrithi wake. Akasema anajua, ndiyo maana anataka wasia. Mrithi hausiwi, ila asiye mrithi anausiwa, mradi usizidi thuluthi ya mali. Alikuwa amekwishamuuliza ustadhi wa madrasa kwa simu, bila mimi. Alikuwa amekwishamwita na sheha wa kijiji. Siku wamekwishaipanga.

"Na mwanao umemwambia?"

"Utamwambia wewe. Ndiyo kazi ya mkubwa."

Nilimkuta mdogo wangu uwani, anashona makuti chini ya banda. Nilimwambia yote, la laini na la minazi, kwa mara moja, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuyasema mara mbili. Aliacha kushona.

"Mlikwenda naye mjini mkanificha."

"Ndiyo."

"Na sasa anapewa minazi. Mwanamke niliyemwacha aje aangue nazi mlangoni pangu, mke wangu anatazama."

"Ni minazi ya mama."

"Mama mgonjwa. Kichwa chake kimeguswa."

"Kichwa cha mama kizima kuliko changu na chako. Yeye ndiye aliyekumbuka namba, wewe ukamsomea shahada."

Sikuwa na haja ya kusema hivyo. Alinitazama, akaokota upande wa kuti akaanza kuuchana. "Mimi siji," alisema. "Katika mashahidi wenu msinitie."

"Mrithi hawi shahidi. Unatakiwa usikie tu, usije kusema baadaye hukusikia."

"Siji."

Siku yenyewe ilikuwa baada ya sala ya Alasiri. Sheha alikuja, na ustadhi, na jirani yule aliyemkuta mama jikoni. Mama alivaa kanga mpya, akakaa kitako juu ya mkeka, amenyooka. Ustadhi aliandika, akisema kila neno kabla ya kuliandika. Mke wa pili wa mdogo wangu alituletea kahawa, akaweka sinia, akatoka bila neno, na mimi sikumlaumu. Mdogo wangu hakuwepo. Kelele za panga lake zilikuwa zikisikika uwani, anakata fito.

Ustadhi alisema, "Minazi mitatu iliyo nyuma ya jiko, upande wa kibla..."

Panga likanyamaza. Mdogo wangu akasimama mlangoni, jasho linamtoka, panga mkononi. Sheha aliweka kikombe chini taratibu.

"Minazi gani?" mdogo wangu aliuliza.

"Ya nyuma ya jiko," mama alimjibu bila kugeuka.

"Mitatu ya upande huo?"

"Mitatu."

Nilikuwa nahesabu maneno mabaya atakayoyasema na jinsi nitakavyokuwa wa kuyasuluhisha, mwaka mzima, kila Jumamosi.

"Wa katikati huo umeliwa na chonga," alisema. "Mdudu kaingia kileleni, tangu masika. Hautafika mwaka. Mpeni ule wa kisimani, unazaa." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Ati watu waseme tumempa mti mfu."

Akarudi uwani. Panga likaanza tena.

Ustadhi alimtazama mama. Mama aliinamisha kichwa, akasema, "Andika wa kisimani." Mkono wake mzima ukawa unatafuta pindo la kanga. Ustadhi alifuta, akaandika upya, mashahidi wakatia saini, na mama akaweka dole gumba la mkono wa kulia, wifi yangu akiwa hayupo wa kumkunjulia vidole, nikamkunjulia mimi.

Nilipompigia wifi kumweleza, hakushangilia. Nilisikia soko nyuma yake. Kisha akauliza, "Na nani atanipandia kuangua?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi mwambie mama aishi sana, mimi sina haraka ya nazi."

Mama anaishi. Anashuka pwani kwa bakora na kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anawafungulia wenzake mafundo kwa mkono mmoja na kuwaambia wanakosea. Mdogo wangu hajataja tena habari ile. Mnazi wa katikati ulikauka kama alivyosema, akaukata, akalitumia shina lake kwa daraja la mtaro. Jalada lipo kwenye kabati la mama, nakala ipo kwake mdogo wangu, nyingine kwangu. Mto tuliushona upya, sufi tupu. Mama analalamika kwamba sasa ni mlaini mno na shingo inamuuma.

Siku niliyorudi na nakala yangu nilipanda ngazi polepole, nikipumzika kila kipande. Mume wangu, aliyestaafu bandarini na ambaye hujaza droo za nyumba nzima, alikuwa amekaa dirishani anasikiliza redio. Aliitazama bahasha mkononi mwangu.

"Mmemaliza ya mama?"

"Tumemaliza."

"Na yetu?"

Nilivua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Nilimwambia atoe alichonacho, akaanza kufungua droo moja baada ya nyingine na kuyamwaga yaliyomo juu ya meza: kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto, bili za umeme za nyumba tuliyohama, mkataba wa wakfu umetafunwa pembe na panya, barua yake ya kustaafu, funguo zisizojulikana ni za nini. Lundo lilifika usawa wa redio. Alinivutia kiti. Nikakaa, nikachukua karatasi ya juu kabisa, nikamuuliza hii ni ya nini, na yeye akasema hakumbuki.

Tunaendelea nayo Ijumaa hadi Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mpaka mmoja wetu asinzie. Hatujafika hata nusu ya meza.